Ustawi Uliodaiwa: Migomo na Maandamano Katika Historia ya Uswidi

Uswidi ikitajwa katika mijadala yetu kuhusu huduma za jamii, mara nyingi hutajwa kama nchi iliyojaliwa serikali yenye huruma. Mzazi analipwa akiwa nyumbani na mtoto mchanga, mgonjwa hauzi shamba ili apasuliwe, mzee anapokea pensheni hata kama maisha yake yote hakuajiriwa na mtu mkubwa. Msikilizaji hubaki na picha ya viongozi waungwana waliokaa mezani siku moja wakaamua kuwatunza wananchi wao. Picha hiyo inapotosha, na inatupotosha zaidi sisi tunaotaka kujifunza kitu kutoka huko. Ukiifuatilia historia ya nchi hiyo mwaka kwa mwaka, utakuta kwamba nguzo kubwa za dola lake la ustawi wa jamii zilisimama mahali ambapo watu walikuwa wamejipanga kuzidai. Na mahali ambapo hapakuwa na watu waliojipanga, dola hilohilo, likiongozwa na watu walewale wenye nia njema, lilipita bila kusimama, na wakati mwingine liliumiza.

Tuanzie pwani ya kaskazini, mjini Sundsvall, mwaka 1879. Bei ya mbao ilikuwa imeanguka na wenye viwanda vya kupasulia mbao wakapunguza ujira. Maelfu ya wafanyakazi waliacha kazi. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa bado havijaota mizizi. Walichokuwa nacho wengi wao ni uzoefu wa vikundi vya ibada vilivyojitenga na kanisa la dola. Kwa hiyo walikusanyika uwanjani nje ya mji, wakaomba, wakaimba nyimbo za dini, wakachagua wasemaji. Gavana Curry Treffenberg aliita askari na meli za kivita, akawatishia wagomaji kwa sheria ya uzururaji. Waliokuwa wakiishi katika nyumba za kampuni walitolewa nje na familia zao. Haikuchukua muda, mgomo ukavunjika. Hiyo ndiyo Uswidi ambayo zaidi ya watu milioni moja waliikimbia kwenda Amerika kati ya mwaka 1850 na 1930: nchi yenye misitu, chuma na bahari, na yenye njaa.

Kilichobadilisha hali hiyo kilikua polepole, na kwa sehemu kubwa kilikua jioni, watu wakishatoka kazini. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 vilienea vyama vya aina tatu: makanisa huru, vyama vya kupiga vita ulevi, na vyama vya wafanyakazi. Waswidi waliviita kwa jina moja, harakati za wananchi. Mtu anayevisoma leo anaweza kuviona kama mambo madogo ya ada, kadi na kumbukumbu za vikao. Lakini hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kibarua aliyeshinda kutwa akiamrishwa na msimamizi alikuwa jioni anashika daftari la mweka hazina, anasoma mapato na matumizi mbele ya wenzake, anahojiwa senti moja moja, na mwaka ukiisha anachaguliwa tena au anaondolewa kwa kura. Mtumishi wa ndani ambaye kwa bwana wake hakuwa na ruhusa ya kukatiza mazungumzo alijifunza kuomba nafasi, kutoa hoja, kushindwa kwa kura na kubaki chamani. Mwaka 1902 mwalimu Oscar Olsson alianzisha mjini Lund utaratibu wa vikundi vya kujisomea ndani ya chama cha kupiga vita ulevi: watu wachache, vitabu vichache vinavyopita mkono hadi mkono, na mjadala bila mhadhiri. Mwaka 1912 harakati ya wafanyakazi ikaunda shirika lake la elimu, ABF, likautumia utaratibu huo nchi nzima. Chama cha Social Democrat kilikuwa kimezaliwa mwaka 1889, na shirikisho la vyama vya wafanyakazi, LO, mwaka 1898. Wengi wa viongozi wao walifundwa katika vikao hivyo vya jioni.

Nguvu hiyo haikushinda mara moja. Mwezi Mei 1902 wafanyakazi waligoma siku tatu wakidai haki ya kupiga kura, wakarudi kazini bila sheria mpya. Agosti 1909 ulikuja mgomo mkuu, watu wapatao 300,000 wakaweka zana chini, wakashindwa vibaya. LO ilipoteza takriban nusu ya wanachama wake, na wengi waliofukuzwa kazi wakapanda meli kwenda ng'ambo. Nasisitiza kushindwa huku kwa sababu masimulizi ya ushindi huwa yanakuruka. Vyama vilivyoweza kupoteza nusu ya wanachama, vikaendelea kukusanya ada za waliobaki na kujijenga upya kwa miaka kumi, ndivyo baadaye waajiri na serikali walilazimika kukaa navyo meza moja. Maandamano ya siku moja, hata yakiwa makubwa namna gani, hayana mahali pa kuuweka ushindi wala pa kujificha yakishindwa.

Masika ya mwaka 1917, vita vikiwa vimeiminya biashara ya chakula, foleni za mikate na viazi ziligeuka mikutano. Mara nyingi walioanza walikuwa wanawake, kwa kuwa ndio waliosimama foleni. Walivamia maghala, wakawalazimisha wafanyabiashara kuuza kwa bei ya haki, na wakaandamana pamoja na wafanyakazi wa viwandani na hata askari. Juni 5 polisi wa farasi waliwatawanya watu mbele ya Bunge jijini Stockholm. Wanawake wa vyama vya haki ya kura walikuwa wamewasilisha saini zipatazo 350,000 miaka mitatu kabla, bila kupewa jibu la kuridhisha. Mwishoni mwa 1918, Urusi ikiwa imeshapinduka na Ujerumani ikitetemeka, wahafidhina wa Uswidi walikubali kura ya wote, na mwaka 1921 wanawake wakapiga kura ya Bunge kwa mara ya kwanza. Saa nane za kazi kwa siku zilipitishwa kuwa sheria mwaka 1919. Aliyepata kura kwa njia hii aliijua ina bei gani.

Kisha ikaja Ådalen. Mei 14, 1931, katika bonde hilo la viwanda vya mbao na karatasi, maelfu ya watu waliandamana kuelekea Lunde kupinga wavunja mgomo walioletwa na mwajiri. Mbele yao ilikwenda bendi ya matarumbeta. Wanajeshi walifyatua risasi. Watu watano walikufa, mmoja wao msichana wa miaka 20 aliyekuwa akitazama tu. Axel Nordström, mmoja wa viongozi wa maandamano, alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na nusu. Kapteni aliyeongoza kikosi mwishowe aliachiwa huru na mahakama. Nchi ilitikisika. Mwaka uliofuata Social Democrat waliingia madarakani chini ya Per Albin Hansson, ambaye mwaka 1928 alikuwa amelieleza taifa kama nyumba ya watu wote, isiyo na mtoto wa kambo. Mwaka 1933 walielewana na chama cha wakulima, bei za mazao zikalindwa na ajira za serikali zikafunguliwa. Mwaka 1938, katika mji mdogo wa Saltsjöbaden, LO na chama cha waajiri walitia saini mkataba mkuu wa kutatua migogoro bila serikali kuwaingilia. Mwaka huohuo ilipitishwa likizo ya lazima ya wiki mbili, kisha zikafuata posho ya watoto mwaka 1948 na pensheni ya nyongeza ambayo mwaka 1959 ilipita bungeni kwa tofauti ya kura moja tu.

Wapo watakaopinga usomaji huu, na pingamizi zao zina uzito. Ya kwanza ni kwamba Uswidi ilikuwa tajiri: ilikuwa na madini ya chuma na misitu, haikupigana katika vita vyote viwili vya dunia, na viwanda vyake vilikuwa vizima wakati jirani zake walikuwa wakizoa vifusi. Ni kweli, na bila utajiri huo huduma zingekuwa finyu. Lakini mbao za Sundsvall zilikuwa zikiuzwa Ulaya nzima mwaka 1879, na aliyezipasua alitolewa nyumbani kwake. Utajiri unaeleza ukubwa wa sufuria. Haututajii nani aliyepakuliwa. Nchi nyingi zenye mafuta, dhahabu na almasi zinalithibitisha hilo hadi leo.

Pingamizi ya pili ni Bismarck. Ujerumani ilipata bima ya afya mwaka 1883 kutoka kwa kansela mhafidhina, na hakuna mgomo uliomlazimisha. Lakini miaka mitano kabla ya hapo Bismarck alikuwa amepitisha sheria ya kuwapiga marufuku wasoshalisti. Bima ilikuwa mkono wa pili wa sera ileile: kuwavuta wafanyakazi waachane na chama ambacho marufuku pekee isingekifuta. Hata ustawi ulioshuka kutoka juu ulishushwa kwa kuogopa waliokuwa chini. Ya tatu ndiyo ngumu zaidi. Wapo wanaosema siri ya Uswidi ni maridhiano, ule utamaduni wa kukaa na kuelewana ambao Saltsjöbaden ni alama yake, na kwamba maandamano yalikuwa makelele ya pembeni. Mimi nasema watazame miaka iliyotangulia. Katika miaka ya 1920 Uswidi ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopoteza siku nyingi kabisa za kazi kwa migomo na kwa waajiri kufunga viwanda. Maridhiano yalifikiwa na pande mbili zilizokwisha kupimana nguvu, kila moja ikijua hasara ambayo mwenzake anaweza kuitia. Mwajiri asiyeogopa chochote hana sababu ya kuja mezani.

Upande wa giza wa historia hii unaithibitisha hoja yangu kuliko upande wa mwanga. Kati ya mwaka 1935 na 1975 watu wapatao 63,000 walifungwa uzazi chini ya sheria za nchi hiyo, zaidi ya asilimia 90 wakiwa wanawake. Wapo walioomba kwa hiari yao, lakini wengi walisukumwa: waliambiwa ni sharti la kutoka katika taasisi walimofungiwa, au la kuruhusiwa kutoa mimba, au walihesabiwa kuwa wenye akili dhaifu au tabia mbaya. Sheria hizo zilipitishwa na vyama vikubwa vyote, na Social Democrat, waliobeba kumbukumbu ya Ådalen, waliziunga mkono. Waliamini wanalinda nyumba ya watu wote. Wanawake waliopasuliwa walikuwa maskini, wametengwa mmoja mmoja, hawana chama, gazeti wala mwakilishi. Suala hilo liliibuka kwa kishindo mwaka 1997 kupitia makala za mwandishi Maciej Zaremba katika gazeti la Dagens Nyheter, na mwaka 1999 Bunge likaamua kila aliyedhulumiwa alipwe kronor 175,000. Nayo jamii ya Wasami, wafugaji wa kulungu wa kaskazini, waliwekewa shule duni za kuhamahama tangu mwaka 1913 na wakapimwa mafuvu na wataalamu wa taasisi ya dola ya baiolojia ya mbari iliyofunguliwa Uppsala mwaka 1922. Wasami walikuwa wachache, lakini walianza kujipanga mapema, na walipata bunge lao mwaka 1993. Januari 2020 Mahakama ya Juu iliipa jumuiya ya Wasami ya Girjas haki ya kusimamia uwindaji wa wanyama wadogo na uvuvi katika eneo lake. Walichokipata wamekipata kwa kukidai wao wenyewe, ilhali dola lililojisifia usawa lilikuwepo muda wote.

Mtu angetarajia kwamba huduma zikishakamilika maandamano yangeisha. Kilichotokea ni kwamba yalihama anwani. Dola likishabeba jukumu la afya, nyumba, malezi na hata migodi, kila maumivu yanakuwa na mlango wa kugongwa. Desemba 9, 1969, wachimbaji 35 wa Svappavaara, kaskazini kabisa, waliacha kazi. Ndani ya siku chache walikuwa karibu 5,000 na migodi ya Kiruna na Malmberget ilikuwa imesimama. Mwajiri wao, kampuni ya LKAB, ilikuwa mali ya umma. Chama kilichotawala kilikuwa chao, na chama chao cha wafanyakazi kilikuwa kimesaini mkataba wa hali bora uliowakataza kugoma. Waligoma siku 57 dhidi ya wote watatu. Malalamiko yao hayakuwa ya mshahara peke yake: walichoshwa na malipo ya vipande, na watu wa kupima kila mjongeo wao kwa saa, na wakubwa waliozungumza nao kama watoto. Waliujaza ukumbi wa michezo wa Kiruna wakapiga kura kwa mikono juu ya kila hatua. Kwa wana Social Democrat wa zamani lilikuwa jambo la uchungu, maana waliogoma walikuwa watoto wa nyumba. Lakini wimbi hilo lilizaa sheria ya kulinda ajira ya mwaka 1974 na sheria ya wafanyakazi kushiriki katika maamuzi ya mwaka 1976, ambazo mkataba wa 1938 usingezileta.

Wanawake nao walibisha hodi katika miaka hiyohiyo. Kundi lililoanzishwa na wanawake wanane mwaka 1968, likaitwa Grupp 8, liliingia barabarani kudai vituo vya kulelea watoto, na wanawake wa vyama vya siasa wakasukuma kutoka ndani. Kuanzia mwaka 1971 mke na mume walitozwa kodi kila mmoja peke yake, na mwaka 1974 likizo ya uzazi ikawa ya wazazi wote wawili, miezi sita ya kugawana. Watu wenye ulemavu walikataa kuendelea kuhesabiwa kama mzigo wa hisani. Mwaka 1994 walipata sheria inayompa mwenye ulemavu mkubwa haki ya kuwa na msaidizi wake binafsi, anayemchagua mwenyewe. Mwaka huohuo wa 1994, kundi la wanawake lililotishia kuunda chama chao endapo vyama visingewapa nafasi lilichangia kulifanya Bunge kuwa na wanawake asilimia 40, kutoka asilimia 33 ya uchaguzi uliotangulia.

Harakati hizi zilitufikia na sisi. Mei 3, 1968, katika mji wa Båstad, vijana walizuia mechi ya tenisi kati ya Uswidi na Rhodesia ya walowezi, ikabidi ihamishiwe Ufaransa. Mwaka uliofuata, baada ya shinikizo la umma, kampuni ya ASEA ilijitoa katika ujenzi wa bwawa la Cabora Bassa, katika Msumbiji iliyotawaliwa na Wareno. Tangu mwaka 1965 serikali ya Uswidi ilikuwa ikiisaidia Taasisi ya Msumbiji jijini Dar es Salaam, shule ya FRELIMO, harakati ya ukombozi wa Msumbiji. Tanzania yenyewe ilichukua kitu kikubwa zaidi: Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa msaada wa Uswidi na kwa mfano wa vyuo vyake vya watu wazima, na ambavyo zaidi ya 50 vipo hadi leo. Vimefundisha maelfu ufundi, kilimo na ushonaji, na nawaheshimu waliovijenga. Lakini huko Uswidi vingi vya vyuo hivyo ni mali ya harakati zenyewe: vyama vya wafanyakazi, makanisa huru, vyama vya kupiga vita ulevi. Hapa vilikuwa mali ya wizara. Chama huru cha wafanyakazi kilikuwa kimeshavunjwa mwaka 1964 na nafasi yake kuchukuliwa na NUTA, tawi la chama tawala, TANU. Vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa mwaka 1976. Tuliazima darasa, tukaacha kikao kilicholizaa.

Nisieleweke kwamba kila maandamano huongeza ustawi. Oktoba 4, 1983, watu wapatao 75,000, wengi wao wafanyabiashara na wenye viwanda, waliandamana Stockholm kuupinga mpango wa mwanauchumi wa LO, Rudolf Meidner, wa kuhamisha sehemu ya faida za makampuni kwenda katika mifuko ya wafanyakazi. Mpango ulikuwa umeshapunguzwa makali kabla ya kupitishwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 mifuko ilivunjwa. Waajiri walikuwa wamejifunza kujipanga. Hilo haliiangushi hoja. Linaonyesha kwamba silaha hii haina upande, na anayeiweka chini hawezi kutegemea mpinzani wake afanye hivyo.

Leo mapambano mengi ni ya kulinda. Januari 30, 2017, wodi ya wazazi ya hospitali ya Sollefteå, juu kidogo katika bonde lilelile la Ådalen, ilifungwa ili kubana matumizi. Siku hiyohiyo wananchi waliikalia sebule ya hospitali, wakaendelea kupokezana zamu kwa miaka. Wakunga waliandaa mafunzo ya kuwafundisha wazazi namna ya kuzalisha ndani ya gari, kwa kuwa kwa wengi wodi iliyobaki ilikuwa umbali wa zaidi ya kilomita 100. Oktoba 27, 2023, mafundi wa karakana za Tesla waliingia mgomoni kwa sababu kampuni ilikataa kusaini mkataba wa hali bora. Katika nchi isiyo na sheria ya kima cha chini cha mshahara, ambako karibu wafanyakazi 9 kati ya 10 wanalindwa na mikataba hiyo, kukataa kusaini ni kugusa msingi. Wapakuzi wa bandarini waligoma kushusha magari ya kampuni hiyo, mafundi umeme wakaacha kutengeneza vituo vyake vya kuchajia, na wafanyakazi wa posta wakazuia namba za magari mapya.

Husby, kitongoji cha Stockholm kilichojengwa katika mpango wa nyumba milioni moja wa mwaka 1965 hadi 1974, kina historia nyingine. Wengi wa wakazi wake ni wahamiaji na watoto wao. Mwaka 2012 walikalia ukumbi wao wa kukutania kupinga kuondolewa kwake. Mei 2013 polisi walimpiga risasi mzee wa miaka 69 nyumbani kwake, na siku chache baadaye magari yakaanza kuchomwa usiku, karibu wiki nzima, vitongoji vingine vikifuata. Serikali ilikemea vurugu, na vurugu zilistahili kukemewa. Lakini kundi la vijana wa hapo, Megafonen, lilikuwa limezungumza kwa muda mrefu juu ya shule, ajira na polisi bila kupata kikao cha maana. Uswidi inacho Chama cha Wapangaji chenye haki ya kujadiliana kodi za nyumba kwa niaba ya mamilioni, na bado karibu watu 7 kati ya 10 walioajiriwa ni wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Vyama hivyo vina ofisi, wanasheria na fedha. Kama vitakwenda Husby kutafuta wanachama na viongozi, na kukubali kubadilishwa nao kama wachimbaji wa Kiruna walivyovibadilisha, au vitaliacha jambo hilo kwa polisi na ofisi za ustawi, ndilo swali litakaloamua nyumba ile itabaki kuwa ya nani.